Maneno Niliyoyapitisha Haraka

Kama umekulia Kibiti au vijiji vya huku, sauti yangu unaijua hata kama sura yangu hujawahi kuiona. Mimi ndiye niliyekuita kwenye chanjo. Mimi ndiye niliyemwambia mama yako alete kadi ya kliniki, nikamwambia baba yako mkutano ni saa tatu, naye akaja saa tano. Kazi yangu ilikuwa kutangaza. Nimetangaza kwa debe, nikatangaza kwa ile spika ya pembe, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa boti, mpaka kwa gari la ofisi ambalo breki yake ilikuwa mchanga wa pembeni. Watoto waliniita Babu Chanjo tangu sina hata mjukuu mmoja. Leo nawaandikia nyie vijana, hasa nyie mliopata viti maofisini, kwa sababu nina jambo la aibu la kusema, na nikilichelewesha nitaanza kuwahadithia mengine. Mie najijua.

Haya, nimeshaanza mengine.

Kule visiwani, Maparoni na wapi, hutangazi maji yakiwa yamekupwa. Boti inakuwa chini kabisa, kingo za matope ziko juu ya kichwa chako, unapasua koo unawatangazia kaa. Subiri maji yajae, boti inyanyuke, sauti ipite juu ya mikoko ifike mashamba ya mpunga. Na uzime injini kwanza. Wengi wanasahau kuzima injini. Na ukitangaza msiba, anza na kijiji, halafu ukoo, halafu baba wa marehemu, jina lenyewe liwe la mwisho. Mara yangu ya kwanza nilianza na jina. Nikasema, "Fatuma amefariki," kikohozi kikanishika. Mpaka namaliza kukohoa, nyumba sita zinalia, kila nyumba na Fatuma wake, na mmoja wa hao Fatuma yuko kisimani anauliza kuna nini.

Nilishawahi kupewa karatasi mbili siku moja. Moja ya matone ya watoto, zahanati. Ya pili ya chanjo ya kideri, kuku wapelekwe ofisi ya kijiji. Shule mimi niliishia la tatu. Kusoma nasoma, lakini kwa kukwaruza, kwa hiyo nilikuwa nakariri. Nikakariri vizuri sana, nikageuza mahali. Asubuhi nesi kafungua mlango wa zahanati kakuta akina mama foleni, kila mmoja na kuku kwapani. Na bwana mifugo kule ofisini kazungukwa na watoto wanalia. Nesi akaniita mbele za watu.

"Babu, huyu jogoo nimtie matone mdomoni?"

Kabla sijajibu, mama mmoja wa Mahege akasema, "Mtie. Si wamesema serikali?"

Tulicheka siku ile mpaka tukashika mbavu. Siku hizi nikiikumbuka sicheki. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameisikia sauti yangu maisha yake yote, na haikuwahi kumwambia jambo baya. Angemtia jogoo matone kwa ajili ya sauti ile.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Kilindo, mpiga debe kabla yangu. Alikuwa mfupi, mwembamba, ukimwona ungedhani hawezi kumwita hata paka. Akimaliza tangazo alikuwa anasimama kimya, anangoja. Lazima mtu aulize kutoka uani, "Kasema nani?" Yeye anajibu: kasema mwenyekiti, au kasema bwana afya, au kasema shehe. Ndipo anasogea. Siku moja alikuja muuza dawa kutoka mbali, dawa inayotibu kuanzia macho mpaka ndoa, akamwomba Kilindo amtangazie. Kilindo akamuuliza, "Ikimdhuru mtu, nikamwonyeshe nani?" Yule bwana akasema yeye kesho anasafiri. Kilindo akamwambia, "Basi na tangazo lako safiri nalo."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu. Msije mkasema sikufundishwa.

Kazi ikabadilika, kama zote. Flashi ikaja. Unasema mara moja, wanaiweka kwenye kile kijiti, pikipiki inazunguka na sauti yako kutwa nzima, wewe umelala zako. Haikohoi, haichoki, haingoji mtu aulize. Ofisi ikapata vijana wenye Kiswahili cha redio, mie nikaagwa vizuri tu, nikapewa shuka na kanzu. Miaka mitatu nikawa nakaa nyumbani, natangaza kuku waingie bandani.

Ndipo akaja kijana mmoja wa kampuni ya kubeti. Alikuwa na miwani na viatu vyeupe, vumbi letu analiruka kama maji.

"Shikamoo mzee wangu. Wewe ndiye Babu Chanjo?"

"Marahaba. Nilikuwa."

"Tumefungua duka huku, tumewauliza watu sauti gani wanaiamini. Wote wanakutaja wewe. Hata mtoto mdogo anakutaja."

Hata mtoto mdogo. Hilo neno lilitakiwa linishtue. Mie lilinikaa vizuri, kama chai. Nikamuuliza kama serikali inajua, akatoa karatasi ina muhuri. Mimi nikiona muhuri huwa nalainika, nimezeeka nao. Lile swali la Kilindo lilikuja mpaka hapa kooni. Sikulitoa. Pesa alinipa, niliipokea kwa mikono miwili, lakini nisiwadanganye kwamba ni shida ilinituma. Ilikuwa miaka mitatu hakuna mtu aliyeitaka sauti yangu.

Tukarekodi kwenye chumba cha gesti, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Nikaanza nilivyozoea: "Ndugu wananchi, mnatangaziwa..." Kijana akaruka. "Hiyo hiyo mzee! Usibadilishe hata nukta!" Basi nikawaita watu kwenye kubeti kwa maneno yale yale niliyowaitia matone ya polio. Weka kidogo, ondoka na kikubwa. Mchezo huu umeidhinishwa na serikali. Mwisho kulikuwa na sentensi moja: walio chini ya miaka kumi na nane hawaruhusiwi kucheza.

"Hii lazima iwepo, ni sheria," akasema. "Ila isituchukulie muda."

Nikaisema. Akatikisa kichwa.

"Ah, mzee, unaitangaza kama msiba."

Tukacheka. Sasa sikilizeni, maana hapa nawapa ufundi ambao sikutaka kumpa mtu. Yapo maneno unayoyasema ili yasikiwe, na yapo unayoyasema ili isemekane yalisemwa. Ya pili unashusha kidevu. Unaunganisha maneno yashikane kama wali uliozidi maji. Unayasema mwisho kabisa pumzi inapoisha, na sauti usiishushe taratibu, ikate, mtu adhani ni spika imekwama. Nilijifunza hivyo enzi za kutangaza ushuru wa soko, nilipochoka kurushiwa nyanya. Pale gesti niliifanya mara moja tu, haikuhitaji marudio. Kijana akaicheza, akaisikiliza, akanipiga bega.

"Mzee, wewe fundi."

Nikafurahi. Nimejaribu kuliandika hili kwa namna nyingine, haliandikiki. Nilijua masikio ya nani sentensi ile ilitakiwa iyafikie, nikaipitisha juu yao, kisha nikafurahi kuambiwa ni fundi.

Mwezi haujaisha, nikasikia sauti yangu nyuma ya nyumba. Nikadhani pikipiki imekata njia uani. Nikachungulia. Ni Zaituni, mjukuu wangu, wa darasa la nne, kasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono mdomoni kama pembe. Chini wamekaa watoto saba au nane na komwe zao, zile mbegu za kuchezea. Wanabashiri mechi ya chandimu, nani atafunga, ngapi kwa ngapi.

"Ndugu wananchi, mnatangaziwaaa! Weka kidogo, ondoka na kikubwa!"

Shabani wa jirani akauliza, "Kasema nani?"

"Kasema Babu Chanjo! Kasema serikali! Brrmnanehawaruhusiwi!"

Watoto wakacheka, wakaweka. Shabani komwe zilishamwishia, kaweka kalamu. Nikatoka. Wakatawanyika kidogo, wakarudi, maana mie hawaniogopi.

"Zaituni, hayo ya mwisho umesema nini?"

"Yapi, babu?"

"Hayo ya brrr."

"Ndo mwisho wake. Ndivyo linavyoisha."

"Maana yake nini?"

Akanitazama kama ananionea huruma. "Halina maana, babu. Ni mlio tu."

Jioni ile mama yake Shabani akaja na ndala moja mkononi. Mtoto kaliwa viatu vya shule tangu juzi, anakwenda pekupeku, anasema vimechanika. Nikamwambia, mama, hawa watoto wa siku hizi. Akanikatiza.

"Babu, usiniambie watoto wa siku hizi. Wameitwa. Aliyewaita si wewe?"

Nikaona nitaitoa sauti yangu kwenye ile pikipiki, na kwa kuwa mimi na serikali tumejuana, haitachukua wiki. Pikipiki yenyewe inaegeshwa ng'ambo ya barabara, mkabala na shule ya msingi, kwa sababu pale kuna duka na kivuli. Inaanza mapumziko ya saa nne, watoto wanaponunua mihogo. Dereva wake kijana mpole. "Babu," akaniambia, "mie nabonyeza tu. Nikizima wananipigia simu."

Nikaenda kwa mtendaji wa kata yetu. Kata siitaji, na mtendaji simlaumu; kijana mwenye adabu, akasimama nilipoingia. "Babu Chanjo! Mimi mwenyewe nimechanjwa kwa sauti yako." Akafungua faili. Kibali alichotoa yeye ni cha spika: isizidi saa kadhaa, isilie karibu na zahanati. Kinachosemwa ndani ya spika hakimo. Nikapanda ofisi ya juu yake. Mama wa pale akaniambia leseni ya duka iko sawasawa, na mtoto akikutwa ndani ya duka wenye duka wana kesi, hilo wanalisimamia.

"Mama," nikamwambia, "mtoto hajaingia dukani. Duka ndilo limemwingia."

Akacheka kwa wema, akaniandikia kikaratasi cha kwenda kwa watu wa elimu. Watu wa elimu wakasema ndani ya uzio wa shule ni wao, na ndani ya uzio hakuna bango wala spika, niende nikaangalie. Barabarani si kwao. Nikatoka nikaipima ile barabara, kutoka uzio wa shule mpaka gurudumu la pikipiki. Hatua kumi na mbili za mzee. Nilizunguka na hizo hatua kumi na mbili kwenye ofisi nne, kila mtu ananipa kiti, ananipa maji ya kunywa, hakuna anayesema ni zake. Katika ofisi ya nne mtu mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu:

"Kwani mzee, anayesema 'umeidhinishwa na serikali' mle ndani ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa unakuja kuishtaki serikali kwa maneno yako?"

Nikamshukuru kwa kiti, nikatoka. Njiani nilikuwa na mengi ya kumjibu, kama kawaida. Kuku wetu wana daftari lao, wakipata kideri kuna mtu anaulizwa. Mpunga ukiliwa na ndege kuna mtu anaulizwa. Mimi nilitumwa miaka yote kuwaita watoto hawa, na kila siku kulikuwa na mtu mwenye cheo nyuma ya wito. Leo wanaitwa kwa sauti ile ile, mchana kweupe, mbele ya shule ya serikali, na ukigeuka nyuma ya wito huoni mtu. Unaona vibali. Kila aliyegonga muhuri amesoma alichogonga, kipande chake kiko safi. Na kipande changu ndicho kisafi kuliko vyote, maana nilikikata mwenyewe.

Nikamwomba mwalimu mkuu anipe dakika paredi ya asubuhi. Akakubali haraka, nadhani alikuwa anangoja mtu. Nikavaa kanzu ya kustaafu. Nikasimama mbele ya wale watoto, nikawaambia bila pembe: ile sauti ya ng'ambo ni yangu, serikali haikuwaita, nilirekodi gestini, nililipwa. Maneno ya mwisho yale yanayowachekesha si mlio. Yanasema nyie hamruhusiwi. Niliyasema vile ili msiyasikie.

Zaituni yuko mstari wa nne, anatazama miguu yake. Wenziwe wanamtazama yeye.

Binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha kidole. "Babu Chanjo, kwa hiyo serikali yenyewe imesema nini?"

Nikamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama bendera. Nilitaka kumwambia yule binti kwamba kuna sheria, lakini hakuuliza sheria. Aliuliza kilichosemwa, yeye kama yeye, asikie. Maisha yangu yote nimepewa karatasi: za matone, za vyandarua, za mafuriko, za kuku. Ya jambo hili hakuna aliyewahi kunipa.

"Sijapewa, mwanangu," nikamwambia.

Na siku hiyo jioni kulikuwa na mechi kubwa, kwa hiyo pikipiki ilikuja mapema. Ikaanza, hatua kumi na mbili kutoka tulipo. Ndugu wananchi, mnatangaziwa. Watoto wote vichwa vikageuka kule. Nikapaza sauti kuwaambia nitazameni mimi, lakini nina miaka sabini na kitu, na yule wa kwenye spika hachoki. Alinishinda. Wadogo wakaanza kuitikia maneno pamoja naye, na walipofika ule mwisho wakaupiga wote kwa pamoja, brrr, wakacheka mpaka mistari ikavunjika. Walimu wakawaingiza madarasani. Mwalimu mkuu akanishukuru, akaniambia nimejitahidi.

Tangu siku hiyo, kila siku ya shule, saa nne, niko pale ng'ambo karibu na pikipiki. Wengine wanasema babu amechanganyikiwa, wengine wanadhani nimeajiriwa tena. Nilitaka, tangazo likifika mwisho, niirudie ile sentensi ya mwisho polepole, kama msiba, kama nilivyotakiwa. Lakini nimeshaisikiliza flashi mara nyingi sasa, naijua. Likiisha na kabla halijaanza tena, kuna pumzi moja. Sentensi nzima haienei. Nimejaribu kuikata hivi na vile, haienei. Yanayoenea ni maneno mawili, kwa hiyo nasema hayo.

"Watoto, nilikosea."

Kisha linaanza. Nangoja liishe, nasema tena. Wengine wananunua mihogo yao wanapita. Wengine wanasimama. Zaituni alianza kwa kunikimbia, sasa anasimama mbali, ananihesabia nimesema mara ngapi.

Juzi nilikuwa nimelisubiri linaelekea mwisho, nimeshajaza kifua, mtendaji wetu akapita na pikipiki yake ya kazini. Aliponiona akapunguza mwendo, akasimama kabisa, akavua kofia ngumu. Tangazo likaisha.

"Shikamoo, Babu Chanjo," akaniamkia.

Ile pumzi moja nikamwitikia marahaba, likaanza tena.